Koki ya Chumba cha Kwanza

(Uani, nyumba ya vyumba vinane, saa nne asubuhi. Bomba linaloingia kutoka barabarani limepasuka kwenye kona ya chumba cha kwanza. Hii ni wiki ya tatu, na maji yanaruka ukutani, shhh, bila kupumzika. Viti vya plastiki vimepangwa kwenye tope. Mbele kuna meza yenye kitambaa. Juu yake, kwenye trei, kuna koki mpya ya kufungia maji. Pembeni kumelazwa chuma kirefu chenye kishikio cha kupinda huku na huku: ndio ufunguo wa kufunga maji kule barabarani. Vyote viwili vimefungwa utepe. Mheshimiwa, ambaye akiwa hayupo watu humwita Bwana Mchakato, anagonga kipaza sauti mara tatu.)

Mheshimiwa mimi mwenyewe, ambaye itifaki inanilazimu nijitambulishe kwanza kwa kuwa aliye juu yangu hakuweza kufika na aliye chini yangu hajateuliwa. Katibu wangu, mshika mwavuli. Mpiga picha wetu rasmi. Baba mwenye nyumba, pamoja na ukuta wako. Bibi wa chumba cha tatu, ambaye nimeshauriwa nimtaje mapema ili atulie. Fundi bomba, uliyekaa karibu mno na meza. Mama mtoto wa chumba cha kwanza, na huyo mtoto mgongoni, ambaye ni nguvukazi ya miaka ijayo. Akina mama wenye ndoo, akina baba wenye mikono mfukoni. Wageni waalikwa, wageni wasioalikwa, na wapita njia mliovutwa na kipaza sauti: nawasalimu kwa mara ya kwanza, na nitawasalimu tena katikati, maana ratiba inaruhusu.

(Makofi ya watu wanne. Wengine wameshika viatu vyao mikononi.)

Kabla sijaanza naomba tuwekane sawa kiitikio. Nikisema koki, nyinyi mtaitika imekaza. Koki.

("Inavuja," wanaitika wote, kwa adabu kabisa.)

Tutalirudia. Ndugu wananchi, mimi kama Kaimu Mratibu Msaidizi wa Ufungaji na Ufunguaji wa Maji Majumbani, nimesimama hapa nikiwa na furaha isiyo na kifani, na soksi zilizoloa, kuwathibitishia kwamba ule Mradi Shirikishi, Endelevu na Jumuishi wa Koki Moja kwa Kila Nyumba, ambao mliusikia kwenye maneno, leo mnauona kwa macho, umelala hapa kwenye trei, unang'aa.

(Mama mtoto ananyanyua mkono. Mkono mwingine unampapasa mtoto mgongoni ili asiamke. "Samahani, Mheshimiwa. Sisi hatuna neno na mradi. Ila baba mwenye nyumba amesema maji yasipofungwa mpaka jioni hii, nitoe vitu vyangu. Ukuta umelainika. Ukibonyeza, kidole kinazama." Baba mwenye nyumba anatazama chini. "Sikufukuzi, mwanangu," anasema. "Naogopa ukuta usije ukamwangukia mtoto.")

Mama, swali lako ni zuri sana, na nafurahi kukujulisha kwamba limejibiwa kikamilifu kwenye ukurasa wa kumi na moja wa hotuba hii. Sasa hivi tuko ukurasa wa pili. Tukiruka kurasa, tutakuwa tunafanya vurugu, na maji hayafungwi kwa vurugu.

("Yanafungwa kwa koki," anasema Bibi wa chumba cha tatu. Kicheko.)

Ni kweli, Bibi, na ndipo ninapoelekea. Kuna watu wachache, sitawataja lakini mmoja kavaa suruali ya kazi na ana spana mfukoni, waliokuwa wakipita hapa wakisema kwamba hii ni kazi ya nusu saa, kwamba kipande kipya cha bomba wanacho tangu wiki ya kwanza, na kwamba wanachokosa ni vitu viwili tu: koki ya kuweka hapa, na ufunguo wa kufunga maji kule barabarani wakati wanaiweka.

("Mimi ndiye niliyesema," anasema Fundi bomba. Ni mjomba wake mama mtoto. "Na ufunguo nimeufuata ofisini kwako mara sita.")

Na mara sita ukahudumiwa. Ukapewa kiti. Ufunguo, ndugu Fundi, ulikuwa ukiandaliwa kwa ajili ya leo: ulisuguliwa, ukapakwa rangi ya fedha, ukapimwa utepe. Na kuhusu koki, wote mlisoma tangazo langu pale getini, lile lenye mihuri mitatu, linalopiga marufuku mwananchi yeyote kujinunulia koki yake wakati mradi uko njiani, kwa sababu mwananchi akijinunulia koki, takwimu zinavurugika. Inaonekana maji yamefungwa, na mradi haujafika, sasa sisi tutaandika nini?

("Andika tumechoka," inatoka sauti nyuma.)

Takwimu. Utafiti wetu yakinifu, uliofanyika kwenye semina ya siku nne mahali pakavu, umebaini kwamba asilimia tisini na sita ya kinachomwagika kwenye uwanja huu ni maji, huku asilimia nne iliyobaki bado ikichunguzwa. Umebaini pia kwamba kila nyumba yenye bomba lililopasuka ilikuwa na bomba kabla halijapasuka. Haya ni mafanikio. Kwa upande wangu, bila kujisifu, maana kazi ya kunisifu ameachiwa Katibu, nyumbani kwangu kuna koki saba, na zote nazifungua na kuzifunga mwenyewe, bila msaidizi, hata siku za mapumziko.

(Katibu anapiga makofi. Mwavuli unayumba, Mheshimiwa anadondokewa tone shingoni.)

Sasa niwaeleze uteuzi wa koki, maana kuna watu wanadhani mtu anaingia dukani tu akasema nipe koki. Siyo hivyo. Iliundwa kamati. Kamati ya kwanza, baada ya vikao kumi na vitatu, ikatuletea koki ya mtungi wa gesi. Tukaipongeza na kuivunja. Kamati ya pili ikaleta bomba la bustani, lile la kufungia mpira, na wajumbe wakalitetea kwa machozi. Kamati ya tatu, niliyoiongoza mimi, ndiyo iliyotambua kwamba koki za kazi hii ni za namna mbili. Kuna ile ya gurudumu, unaizungusha na kuizungusha mpaka bega linauma. Na kuna hii ya mkono, unaisukuma mara moja, robo ya mzunguko, maji kwisha.

Mjadala ulikuwa mkali. Wapo waliosema hii ya mkono inamnyima kiongozi muda wa kupigwa picha, kwa sababu ukiigusa tu, uzinduzi umekwisha, wakati ile ya gurudumu unaweza kuizungusha huku bendi inapiga. Nilielekea kukubaliana nao. Lakini siku ya mazoezi nilizungusha lile gurudumu mpaka nikapata kizunguzungu, na hapo hapo nikaona kwa macho yangu, kwa maslahi ya wananchi, kwamba ya mkono ndiyo bora.

("Hapo umesema," anasema Fundi bomba. "Ile ya gurudumu ukiiacha miaka bila kuigusa, inang'ang'ania. Siku ya shida haizunguki. Hii hata mtoto wa shule anaifunga.")

Mmesikia, Fundi ameunga mkono hoja. Katibu, andika. Tukaja kwenye suala zito la mshale. Koki nyingine, ndugu zangu, zina mshale kwenye ubavu. Miezi miwili tulibishana mshale huo uelekee wapi. Mimi msimamo wangu uko wazi: uelekee ofisini.

("Mshale unafuata maji yanakokwenda, Mheshimiwa. Na hiyo hapo haina mshale. Pande zote sawa.")

Haina.

("Haina. Igeuze uone.")

Haina, kwa sababu msimamo wangu ulipita bila kupingwa, na ukishaelekea ofisini hauna haja ya kuonekana. Tuendelee. Ukurasa wa tano. Mahali pa kuiweka. Mtaalamu wa mitaani atakwambia koki iwekwe pale bomba linapoingia kwenye nyumba, kabla ya kona ya kwanza, mahali ambapo mkono unafika bila kuhamisha kabati. Sera yetu ni tofauti. Koki ni mali, na mali inahitaji ulinzi. Kwa hiyo koki ya nyumba hii, baada ya uzinduzi, itatunzwa ofisini kwangu, kwenye kabati la kioo, na kila mpangaji atapewa kadi yenye picha yake.

("Na bomba likipasuka?" anauliza mama mtoto.)

Unaandika barua.

("Mheshimiwa, mimi herufi zangu za kukokota. Mpaka nimalize barua, godoro liko barabarani linaelea.")

Utaandikiwa, mama. Kuna dawati la kuandikiwa. Na nisisikie mtu akisema Serikali inaficha vitu. Mimi sifichi kitu. Tena kuwathibitishia uwazi na ushirikishwaji, nafanya jambo ambalo halimo kwenye hotuba. Katibu, chukua huo ufunguo wa barabarani, uushushe kwa wananchi. Kila mmoja auguse. Upite mkono kwa mkono, kuanzia mstari wa mbele mpaka wa nyuma kabisa, mtoto kwa mkubwa, mzee kwa kijana, ili kila raia aseme leo nimelishika dola kwa vidole vyangu.

(Fundi bomba anatazamana na mama mtoto. Katibu anautoa ufunguo. Bibi wa chumba cha tatu anaupokea kwanza, anaupapasa, anasema, "Una ubaridi mzuri," na kuupitisha nyuma haraka.)

Naona nyuso zenu zimebadilika. Hiyo ndiyo maana ya ushirikishwaji. Upitisheni, msiukumbatie mmoja. Naam. Hata huyo aliye getini aupate. Hata walioko nje ya geti, wao siyo binadamu? Wapeni.

(Ufunguo unatoka nje ya geti. Unasikika mfuniko wa chuma ukiburutwa barabarani, krrr.)

Nasikia wananchi wa barabarani wanaburuta viti vyao kuja kunisikiliza. Karibuni. Na koki nayo ipite. Ondoeni utepe, unawasumbua. Ishikeni, ipimeni uzito. Mwenye kutaka kuchungulia tundu lake achungulie, aone mwanga wa upande wa pili, huo ndio mustakabali wetu.

(Koki inapita. Mama mtoto anaishika kwa viganja viwili kama kifaranga. Fundi anaichukua kwake, anageuza mkono wa koki kufunga na kufungua, anaingiza kidole kwenye uzi wake, ile mikato ya kukazia bomba. "Robo tatu inchi," anamwambia kwa sauti ya chini. "Na bomba letu robo tatu. Mwanangu, hii imetutafuta." "Mjomba, itawezekana kweli?" "Wewe kaa hapa mbele. Muulize maswali. Marefu.")

Nasalimu sasa kwa mara ya pili, maana tumefika katikati.

(Ghafla ile shhh ya ukutani inapungua. Inakuwa sss. Inakuwa tone, tone. Halafu hakuna kitu. Ni wiki tatu watu hawajasikia uwanja wao ukinyamaza. Kuku mmoja anasikika. Mtoto, aliyezoea kulala na ile kelele, anafumbua macho.)

Mnasikia ukimya huu? Nimehutubia mitaa mingi, lakini sijawahi kusikilizwa namna hii. Hata pumzi zenu mmezuia. Nasema kutoka moyoni, nimeguswa, na sitafupisha.

("Usifupishe, Mheshimiwa," anasema mama mtoto upesi. "Hebu tueleze tena zile kamati. Ile ya kwanza sikuielewa vizuri. Walifikaje kwenye gesi?")

Ah, mama. Ungekuwa kwenye kamati, tungekuwa mbali. Ile kamati ya kwanza ilikuwa na wajumbe ishirini na mmoja, na mwenyekiti wake alikuwa mtaalamu wa mikutano mwenye vyeti vitatu...

(Kutoka kona ya chumba cha kwanza, msumeno wa chuma: krii, krii, krii. Bibi wa chumba cha tatu anaanza kukohoa kwa mahadhi ya msumeno.)

Pole sana, Bibi.

("Kifua, mwanangu. Hiki kinadai muda. Wewe endelea.")

...vyeti vitatu, na akasema, nami nanukuu, gesi na maji vyote vinapita kwenye kitu, kwa hiyo tofauti ni ya kimtazamo. Tukapiga picha. Tukaenda kwenye wokshopu. Tukatengeneza rodimapu, tukaitundika, ikadondoka, tukaunda kikosi kazi cha kuitundika tena. Kwa kifupi, utekelezaji ulianza pale pale.

(Msumeno umenyamaza. Fundi amechuchumaa, anazungusha tepu nyeupe kwenye uzi wa bomba, anaizungusha kufuata uzi unakokwenda, ivutike, isijikunje. Baba mwenye nyumba, mwenye koti lake la sherehe, amemshikia bomba kwa mikono miwili. Koki inaingia. Spana inakaza kidogo, inaacha, inakaza tena. "Usiilazimishe," anasema Fundi. "Ukiilazimisha inapasuka shingo." Anahakikisha mkono wa koki umeangalia nje, siyo ukutani, ili mwenye mtoto mgongoni aufikie kwa mkono mmoja. Kisha anaunga kile kipande kipya.)

Sasa, ukurasa wa kumi na moja. Mama, ulikuwa na swali, na mimi ni mtu wa ahadi. Ukurasa wa kumi na moja unasema, nasoma: kuhusu nyumba ambayo ukuta wake umelainika na mpangaji yuko hatarini kuhama, suala hilo limepokelewa, limechakatwa, na litawasilishwa kwenye kikao cha maandalizi ya kikao. Mwisho wa kunukuu. Umeridhika, mama?

("Nimeridhika, Mheshimiwa.")

Kweli?

("Kweli kabisa. Ukuta utakauka. Jua lenyewe ni kali.")

Katibu, andika kwamba amebubujikwa na machozi ya furaha.

(Kutoka barabarani, mfuniko tena: krrr. Mtu anapiga mluzi. Fundi ameweka kiganja chini ya koki, anasubiri. Watu wa mstari wa nyuma wamegeuza viti vyote, wamempa Mheshimiwa mgongo. Maji yanafika kwenye bomba, yanagonga mara moja ndani kama mtu anabisha hodi. Kiganja cha Fundi kikavu. Anasukuma mkono wa koki, na ndani ya nyumba, kwenye sinki la pamoja, bomba linakohoa hewa, kisha linamwaga maji meupe, kisha masafi. Anaisukuma kurudi. Yanakatika.)

Nakaribia mwisho, na naomba mnigeukie. Kwa namna ya pekee nashukuru. Namshukuru Katibu kwa mwavuli. Nawashukuru wananchi wa mitaa sita jirani, ambao nao niliwazindulia mradi huu mwezi huu, kwa trei hii hii na kitambaa hiki hiki. Na shukrani zilizo kubwa kuliko zote ni kwa mwenye duka la vifaa, mtu muungwana, ambaye amekuwa akituazima koki yake moja kwa kila uzinduzi, kwa sharti dogo tu kwamba irudi dukani saa saba haijaloa, kwa kuwa mradi wenyewe, kama mnavyoelewa watu wazima, bado haujapewa faili, jina lake nililitunga garini, na koki nyingine hakuna. Kwa hiyo, aliyeishika mwisho, airudishe kwenye trei.

(Trei iko tupu. Hakuna anayetikisika.)

Nimesema irudishwe.

("Ipo, Mheshimiwa," anasema mama mtoto. "Iko ukutani. Njoo uione ilivyokaa.")

Ukutani wapi?

(Mpiga picha amekwisha kufika huko. Tik, tik, tik. Mheshimiwa anashuka, kipaza sauti mkononi, waya unamfuata kwenye tope.)

Hii... hii imefungwa. Fundi, ifungue. Leo saa saba. Kesho nina mtaa wa nane.

("Naifungua sasa hivi, Mheshimiwa," anasema Fundi akifuta spana kwa shati. "Ila nikiifungua hivi hivi, maji ya barabarani yote yatakuvaa wewe na hiyo suti. Lazima kwanza tuyafunge kule nje. Unipe ufunguo.")

Ufunguo si mmeupitisha nyinyi? Uko wapi?

("Bado unapita mkono kwa mkono, kama ulivyoagiza. Umevuka barabara. Nyumba ya pili nao bomba lao lilipasuka, nao ni raia, wanaugusa.")

Utarudi lini?

(Fundi anamtazama mama mtoto. Mama mtoto anamtazama Mheshimiwa, kwa upole wote alionao. "Mchakato unaendelea," anasema.)

(Bibi wa chumba cha tatu anakohoa, safari hii kweli. Baba mwenye nyumba anauweka mkono ukutani, kisha anachukua begi la nguo la mama mtoto, alilokuwa ameliona mlangoni tangu asubuhi, analirudisha ndani ya chumba cha kwanza mwenyewe.)

Naomba... naomba mpiga picha apige moja nikiwa nimeishika. Hivi. Nigeuze upande gani? Hivi tu? Mara moja tu?

("Robo ya mzunguko, Mheshimiwa. Ulichagua mwenyewe.")

Kumbe ni nyepesi. Ndugu wananchi, kwa kuwa nimekwisha kushuka jukwaani na makaratasi yamebaki mezani, niseme tu asanteni kwa kuja, na mwenye duka akiuliza, mwambieni Kaimu Mratibu yuko safarini. Katibu, andika kwamba utekelezaji umefikia asilimia mia moja. Andika na tarehe. Haijawahi kutokea, sasa sijui tunaiandika kwenye safu gani. Koki.

("Imekaza," wanaitika wote. Mtoto mgongoni, aliyekwisha kuamka, ananyoosha mkono na kuushika ule mkono wa koki, na hakuna anayemkataza.)